Kabla ya Hita, Pima Maji

Njombe mwezi wa Julai watu huoga kwa mahesabu. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukungu hulala juu ya mashamba ya chai mpaka saa tatu asubuhi, na maji yaliyokesha kwenye tanki la nje yanauma vidole. Aliyekulia huko akikwambia alikuwa akioga kila siku utotoni anakudanganya. Sisi tulioga Jumamosi. Maji yalichemshwa kwenye debe jeusi kwa kuni za miwati, mti ulioletwa kwa ajili ya magome yake ya kulainishia ngozi na ambao kampuni ya pale imekuwa ikiupanda tangu 1949. Mkubwa alioga kwanza, wadogo wakafuata, na wa mwisho alipata maji ya vuguvugu na povu la wenzake.

Kwa hiyo mdogo wangu alipompelekea mama hita ya umeme ya bafuni kutoka Kariakoo, familia nzima ilifurahi. Ilikuwa ile aina isiyo na tanki: kichwa cha shawa kinene cha plastiki, ndani yake kuna waya unaopata moto, maji yakipita yanatoka yakiwa yameshachemka. Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba maji yatakuwa ya moto mpaka mtu ayakimbie. Hakusema uongo. Alikuwa anaizungumzia Dar es Salaam.

Mama alipopiga simu kutoa taarifa, alikuwa na adabu zake zote. Alimshukuru mtoto, akamwombea baraka, kisha akaniambia mimi pembeni: "Mwanangu, maji haya yanatosha kunawa uso."

Nilikuwa naenda nyumbani mwezi huo hata hivyo. Nilibeba kipimajoto cha jikoni na chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, nikaanza na tanki. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi maji yalikuwa nyuzi 11. Nikarudi bafuni, nikafungulia hita, nikaijaza ile chupa huku natazama saa ya simu. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba duka lile lingeweza kuuza kifaa kizuri kuliko vyote nchini na mama bado angenawa uso tu.

Hesabu yenyewe ni fupi, na naiweka hapa kwa sababu sijawahi kumsikia muuzaji akiitaja. Chukua lita zinazotoka kwa dakika moja. Zidisha kwa nyuzi unazotaka kuongeza. Zidisha tena kwa 0.07. Unachopata ni kilowati zinazohitajika, na hakuna ujanja wa kiwanda unaoweza kupita chini ya hapo, maana hilo ndilo joto ambalo maji yanadai. Mtu huoga maji ya nyuzi 40 hivi. Dar es Salaam maji ya bomba yanakuja na nyuzi 27 au 28, kwa hiyo hita ina kazi ya kuongeza 12 tu. Hita ya kilowati 5.5, kama ile ya mama, itakupa lita sita na nusu kwa dakika. Hiyo ni shawa ya kifalme. Ipeleke Njombe, kwenye maji ya nyuzi 11, na sasa inatakiwa kuongeza 29. Kilowati ni zile zile. Lita zinashuka hadi 2.7. Ukizidisha maji yanapoa, ukipunguza yanachuruzika. Hita haijaharibika, haijachakachuliwa, wala fundi hajakosea kuunga. Imehamishiwa mlimani, basi.

Nilipomweleza fundi umeme hesabu hii alinisikiliza kwa subira, kisha akasema, "Dada, na hapo umeufikiria umeme uliokamilika." Akaniambia nisubiri saa moja ya usiku. Wakati huo kila nyumba ya mtaa imewasha taa na televisheni, na wenye mashine za kukoboa hawajafunga. Akachomeka mita yake kwenye soketi: volti 180. Kwenye karatasi ya hita imeandikwa 230.

Watu huita hali hiyo umeme mdogo, na wengi wanadhani umeme ukipungua robo, joto nalo linapungua robo. Linapungua zaidi. Nguvu ya waya wa moto hufuata volti zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo 180 kati ya 230 inakubakishia takriban asilimia 61. Kilowati 5.5 zinakuwa 3.4. Lita 2.7 zinakuwa kama moja na theluthi mbili. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115 na limeongeza umeme wa nchi nzima, jambo la kushukuru, lakini nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu inabaki mwisho wa laini. Umeme unachoka njiani kwenye waya. Mwenye nyumba ya namna hiyo akitaka hita ya umeme isiyo na tanki, apime volti saa moja usiku kwanza, si saa nne asubuhi mtaa ukiwa shambani.

Mama ndiye aliyepata jibu la kwanza, na alilipata bila kipimajoto. Asubuhi ya pili nilimkuta ameweka ndoo chini ya shawa, ameifungulia kidogo kabisa, yeye mwenyewe yuko jikoni anamenya viazi. Baada ya dakika chache alirudi, akaingiza kiwiko kwenye ndoo kama alivyokuwa akitufanyia sisi, akaridhika, akafunga. Nikamuuliza kama haoni vibaya kununuliwa shawa na kuigeuza bomba la kujazia ndoo. Akanijibu, "Mimi sijazoea kunyeshewa. Nipe maji niyaone yalipo."

Ndoo ya lita 15, kutoka nyuzi 11 hadi 40, inahitaji nusu uniti ya umeme. Hita ikiwa na nguvu zake zote, inajaa kwa dakika tano na nusu. Usiku, umeme ukiwa mdogo, dakika tisa. Kwa mtu anayesimama chini ya shawa, tofauti hiyo ni mateso. Kwa mtu anayemenya viazi si kitu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wanaotaka ushauri swali ambalo wengine wanaliona la kishamba: anayeoga anaoga vipi? Kwa ndoo na kopo, au kwa kusimama? Ni mmoja au ni sita mfululizo kabla ya shule? Nusu ya fedha zinazopotea kwenye hita zinapotea kwa kumnunulia mama mzee shawa ya hoteli.

Na bei nayo inategemea swali hilo. Kwenye mita ya LUKU, mtumiaji mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Aliye kwenye kundi la kawaida analipa 292. Viwango hivyo ndivyo tulivyovizoea tangu 2016. Mama peke yake, ndoo moja kwa siku, anatumia kama uniti 15 za kuogea kwa mwezi na bado anabaki mtumiaji mdogo, taa na redio na friji ndogo vikiwemo. Ndoo yake inamgharimu shilingi 50 na kodi kidogo juu. Sasa weka nyumba hiyo hiyo watu watano wanaosimama chini ya shawa dakika nane kila mmoja: ni uniti tatu na theluthi mbili kwa siku, zaidi ya 100 kwa mwezi. Wamevuka mstari, na bei ya umeme wote, hata wa taa, inabadilika. Kuna familia inalaumu hita kwa kula umeme wakati hita imefanya kazi yake. Kilichowaumiza ni kundi la bei walilohamia.

Kabla sijaondoka nilimwomba fundi afungue boksi la nyaya. Nisingelala Dar es Salaam nikijua mama anashika maji yanayopita juu ya waya wa umeme bila mimi kuona kilichopo nyuma ya ukuta. Katika aina hii ya shawa, iliyobuniwa Brazil miaka ya 1930 na ambayo Nairobi wengi huijua kwa jina la Lorenzetti, kampuni ya São Paulo, waya wa moto mara nyingi umelala ndani ya maji yenyewe. Ndiyo maana inachemsha haraka hivyo, na ndiyo maana ethi si mapambo. Kilowati 5.5 zinavuta ampia 24. Soketi ya kawaida ya ukutani mwisho wake ni 13. Kwa hiyo hita inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye boksi la breka: waya wa milimita sita za mraba, au nne kama safari ni fupi, breka ya ampia 32, swichi ya nje ya bafu inayokata waya zote mbili, na fimbo ya ethi iliyochimbiwa kweli ardhini. Juu ya hayo kuna breka inayokata umeme unaovuja, ile ya miliampia 30. Hiyo breka mafundi wengi wanairuka kwa sababu ni ghali na kwa sababu, kama mmoja alivyoniambia bila aibu, inakatakata umeme ovyo. Inakatakata kwa sababu umeme unavuja. Mimi nalipia hiyo kwanza, hita baadaye.

Nyumbani kwa mama ethi ilikuwapo. Waya ulikuwa wa milimita mbili na nusu, wa soketi. Tuliushika usiku hita ikiwa inafanya kazi. Ulikuwa wa moto kuliko maji. Tuliubadilisha kesho yake.

Jibu la ndoo lilitosha kwa mama. Halikutosha kwa nyumba. Mwisho wa mwaka ukoo wote hupanda Njombe: wajukuu, wakwe, binamu ambao hukumbuka kwao Desemba tu. Desemba si baridi kama Julai, lakini bado maji ya tanki yana nyuzi 15 au 16 na watoto wa Dar es Salaam hulia kama wanapigwa. Hapo ndipo tulipoanza kuzungumzia gesi, na hapo ndipo ndugu waligawanyika. Mdogo wangu alitaka hita ya tanki ya umeme. Shemeji alitaka sola. Dada mkubwa alitaka turudi kwenye debe na kuni, na sikumcheka, kwa sababu kuni pale ni za kuokota.

Hita ya tanki ilikuwa na hoja nzuri zaidi kuliko nilivyotaka kukubali. Ina kilowati moja na nusu au mbili tu, haihitaji waya mnene, na umeme ukiwa mdogo haijali sana kwa sababu ina muda: inachemsha polepole usiku kucha ukitaka. Lakini tanki la lita 50 linaogesha watu wawili au watatu, kisha wa nne anasubiri saa nzima. Na mama akiwa peke yake mwezi mzima, tanki hilo linapasha maji, yanapoa, linapasha tena, kwa ndoo moja. Sola tuliiacha kwa sababu ya ukungu. Ingekuwa Makambako, kilomita 60 kutoka pale, ambako jua lipo, ningemuunga mkono shemeji.

Gesi ina nguvu ambayo umeme wa laini moja ya nyumbani hauwezi kuifikia. Hita ndogo ya gesi isiyo na tanki, iliyoandikwa lita 6, inatoa kilowati kama 10. Ile ya lita 10 inatoa 17 na nusu. Hizo lita zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi zimehesabiwa kwa kuongeza nyuzi 25, na zimehesabiwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Njombe hewa ni nyepesi, mgandamizo wake ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani, na moto wa gesi nao, kama mpanda mlima, unaishiwa pumzi. Kadirio la haraka ni kupunguza asilimia 4 kwa kila mita 300 ukishavuka mita 600 za kwanza. Kwa mama inatoka karibu moja ya tano. Basi hita ya lita 10 inabaki na kilowati 14, na kwa kuongeza nyuzi 29 za Julai itatoa lita saba kwa dakika. Ya lita 6 itatoa nne. Tulichukua ya 10.

Kuna anayedhani kupunguza gesi mlimani ni ubahili wa fundi. Usipopunguza, gesi inakuwa nyingi kuliko hewa, moto unageuka wa njano badala ya bluu, masizi yanajaa kwenye mapezi ya shaba, na moshi wake unabeba sumu isiyo na harufu. Hii ndiyo sehemu ambayo naomba msomaji asiiruke. Hita ya gesi inakula hewa ya chumba ilichomo na kutoa moshi wenye kaboni monoksaidi pale hewa inapopungua. Sumu hiyo haiwashi macho, haikohozi mtu. Anayeoga anasikia kichwa kizito, anadhani ni mvuke, anakaa chini kidogo.

Tatizo hili lina umri sawa na kifaa chenyewe. Mwaka 1868 mpaka rangi na mapambo wa London, Benjamin Waddy Maughan, alisajili hita ya gesi iliyochemsha maji yakipita. Haikuwa na bomba la kutolea moshi nje. Waliokuja baada yake ndio walioitia adabu, na mmoja wao, Hugo Junkers wa Dessau, Ujerumani, alitengeneza hita za gesi tangu miaka ya 1890 na kupata fedha zilizomsaidia kuingia kwenye utengenezaji wa ndege. F 13 yake ya 1919 ilikuwa ndege ya abiria ya metali tupu. Huwa naitaja habari hii kwa wanaodharau mambo ya bafuni.

Sisi tuliifunga nje, ukutani, chini ya paa lililochomoza, upande ambao upepo wa kusi hauupigi moja kwa moja. Ndani ya bafu kuna mabomba mawili tu na shawa. Fundi bomba alitaka kuiweka ndani ili bomba la maji ya moto liwe fupi na hita isiibiwe. Kuhusu wizi alikuwa na hoja, kwa hiyo tuliitengenezea kizimba cha nondo chenye uwazi mkubwa juu na chini. Kuhusu bomba fupi alikuwa na hoja pia: kila mita kati ya hita na shawa ni maji baridi unayoyamwaga kabla ya moto kufika, na katika baridi ile bomba la nje linapoteza joto. Tulilivika sponji nyeusi ya mabomba. Maji ya kwanza mama anayakinga kwenye ndoo ya kuoshea vyombo, kwa hiyo hakuna kinachomwagwa.

Kilichotusumbua ni presha. Hita za gesi za aina hii zina kiwambo ndani. Maji yakipita kwa nguvu ya kutosha, kiwambo kinasukuma, gesi inafunguka, cheche kutoka kwenye betri mbili kubwa zinawasha moto. Maji yakiwa dhaifu, kiwambo hakisogei na unaoga baridi huku hita nzima inakutazama. Tanki la mama lilikuwa juu ya mnara wa matofali uliolingana na dari. Kila mita 10 za kimo zinakupa bari moja. Kutoka uso wa maji hadi kichwa cha shawa hatukuwa na hata mita moja na nusu, na ili iwake bila kusuasua hita ilitaka kama robo ya bari. Ilikuwa ikiwaka tanki likiwa limejaa na kuzimika likifika nusu. Watu wa Desemba wangemaliza nusu tanki kabla ya chai.

Hapo una njia mbili. Pampu ndogo inayojiwasha bomba likifunguliwa, au kunyanyua tanki. Pampu ni rahisi kununua, lakini inategemea umeme, na moja ya sababu za kwenda kwenye gesi ilikuwa kuoga hata umeme ukikatika. Tulinyanyua mnara mita mbili, kwa matofali ya kuchoma na zege juu. Fedha za mnara zilizidi za hita. Hili nalisema kwa sababu watu huuliza hita ni shilingi ngapi, wakati swali lenye fedha ni tanki lako liko wapi.

Mtungi nao una mambo yake. Hita ya nguvu hiyo inavuta karibu kilo moja na nusu ya gesi kwa saa ikiwa wazi kabisa. Mtungi wa kilo 6, ule wa jiko la kupikia, hauwezi kugeuza gesi ya maji kuwa hewa kwa kasi hiyo katika baridi; unatoa jasho, unaganda barafu chini, na moto unafifia katikati ya sabuni. Wa kilo 15 unahimili kuoga kwa kawaida. Kilo moja ya gesi, ukiondoa kinachopotea kwa moshi, inaingiza kama uniti 10 za joto kwenye maji, hivyo mtungi wa kilo 15 unaogesha kwa shawa ya lita 40 watu zaidi ya 100. Ukilinganisha na umeme wa mtumiaji mdogo, gesi ni ghali. Ukilinganisha na umeme wa bei ya kawaida, zinakaribiana. Kwa hiyo tumeviacha vyote viwili: mama na ndoo yake kwenye umeme, ukoo kwenye gesi.

Baadaye rafiki niliyesoma naye sekondari, ambaye ana vyumba viwili vya mbao kwa ajili ya wageni karibu na Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, aliniomba nimsaidie kuchagua. Kitulo ilitangazwa hifadhi mwaka 2005, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu kwa maua yake, na uwanda wake uko mita 2,600. Wageni wengi huja msimu wa maua, kati ya Novemba na Aprili, lakini wapo wa Juni wanaotaka kuona nyasi zikiwa nyeupe kwa barafu ya alfajiri. Umeme wa gridi haupo pale. Maji ya chemchemi tuliyapima nyuzi 6. Kwa hewa ile, hita ya lita 10 inabaki na chini ya kilowati 13, na kwa kuongeza nyuzi 34 inatoa lita tano na ushee. Mgeni mmoja kwa wakati mmoja, na inatosha vizuri. Akikwambia mtu kwamba hita moja ndogo italisha bafu mbili kwa pamoja Kitulo, mwulize kama ameshaoga huko.

Kwake tuliweka pampu ya volti 12 inayoendeshwa na betri ya sola, kwa sababu hakukuwa na kilima cha kuweka tanki. Jambo la ziada la Kitulo ni kuganda. Maji yakiganda ndani ya mabomba membamba ya shaba yanayatanua mpaka yapasuke, na kifaa kinakwisha kwa usiku mmoja. Chini ya hita kuna kiziba cha kumwagia maji. Mlinzi wake sasa, wageni wakishalala, anafunga koki ya maji, anafungua kiziba, anaacha hita tupu hadi asubuhi. Hufanya hivyo Juni hadi Agosti. Kazi ya dakika mbili.

Wa pwani na wa Dodoma wana adui mwingine, nao nitawapitia haraka kwa kuwa kwao sijaishi na hita. Baridi si tatizo lao. Chumvi ndiyo tatizo. Maji ya kisima yenye chumvi yanakula waya wa shawa ya umeme na kupitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua, na yale magumu yanaacha gamba jeupe kwenye mabomba ya hita ya gesi mpaka njia inakuwa ndogo. Nairobi wauzaji wazuri hukuuliza kwanza kama maji yako ni ya chumvi, na wana vichwa vya shawa vya maji hayo, ambavyo waya wake umefunikwa. Muuzaji asiyeuliza, muulize wewe.

Ukitaka uamuzi wangu bila hesabu, ni huu. Mtu mmoja au wawili, wanaoga kwa ndoo, umeme usiopungua sana: shawa ya umeme yenye laini yake na ethi yake. Familia kubwa ya nyanda za juu: hita ya gesi ya lita 10 na tanki lililonyanyuliwa. Umeme mdogo na hela ndogo: hita ya tanki, na mpangiane zamu. Kijumba cha mbali na gridi: gesi, na mtu wa kuimwaga usiku.

Na kama kwenu kuna hita ya gesi iliyofungwa ndani ya bafu, iwe nyumbani au katika nyumba ya wageni unayoimiliki, usingoje kumaliza mtungi. Funga koki leo, mwite fundi, itoke nje ya ukuta.